Baada ya Kutolewa Mfuko wa Nyongo
Leo ni mawe ya nyongo, ambayo wenye selimundu huyapata hata wakiwa bado watoto.

Upasuaji wa kuutoa mfuko wenye mawe kwa matundu madogo, ambao Muhimbili nao huufanya, huacha vidonda vitatu au vinne, kila kimoja sentimita 1 hivi au pungufu. Wengi huruhusiwa kesho yake. Bega likiuma, usishtuke: tumbo lilijazwa gesi ili daktari aone vizuri, na maumivu hayo huisha ndani ya siku chache.

Cha kuogopa ni mrija wa nyongo kujeruhiwa. Huwapata wachache, chini ya mmoja katika kila wagonjwa 100, ila ni balaa ukichelewa. Macho yakigeuka njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, homa ikapanda au tumbo likazidi kuuma, rudi hospitali siku hiyohiyo, na ile karatasi ya kuruhusiwa mkononi. Habari za kupitia kwanza duka la dawa kununua dawa ya malaria, achana nazo.

Na ndugu wa mgonjwa, daktari akilazimika kulifungua tumbo katikati ya kazi, msimlaumu. Mara nyingi anaukwepa mrija huohuo.