Picha Irudi kwa Mwenyewe

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa chama, Bukoba Mjini. Waliokosa kufika wameomba maandishi, nami nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)



Nimepewa dakika kumi nizungumzie vijana na kujitolea. Mimi nasoma sheria, na likizo napiga picha. Kwa hiyo nitaongelea picha.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi, saa tisa na nusu hivi alasiri, Kagera ilitetemeka. Kipimo kilisoma 5.9. Mnakumbuka Ihungo na Nyakato zilivyobomoka. Mimi nilikuwa darasa la saba, na kwetu Hamugembe nyumba ya bibi ililala chini upande mzima. Wiki ile walikuja watu wengi wenye kamera. Mmoja alimkuta bibi amekaa juu ya matofali yake, mkono shavuni. Akampiga picha, akasema pole bibi, akaondoka.

Bibi alifariki miaka mitatu baadaye. Msibani tukatafuta picha yake, hakuna. Tukachukua kitambulisho chake cha mpiga kura, tukakipeleka studio, wakaikuza ile sura mpaka ikawa ukungu. Ndo iko sebuleni hadi leo. Na mahali fulani, kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua, ipo picha nzuri ya bibi yangu. Sisi wenyewe hatujawahi kuiona.

Hapo ndipo nilipoanzia. Nikiwa likizo naazima kamera, napanda gari asubuhi mpaka Muleba: Kamachumu, Nshamba, Rubya. Nasubiri watu watoke kanisani au msikitini, anayetaka napiga. Kusafisha picha moja studio kunanigharimu shilingi elfu moja. Wiki inayofuata narudi na bahasha, kila mtu na yake. Kupiga ni rahisi, makamanda. Kurudi ndo kazi.

Sasa nikiri kosa langu. Mwanzoni kabisa, Kamachumu, mzee mmoja aliniambia, "Waitu, subiri nikavae shati la kanisani." Akageuka kuingia ndani. Mimi nikampiga kabla hajabadilisha, kwa sababu shati lililochanika nililiona lina ujumbe. Jioni nikairusha mtandaoni na maneno makali kuhusu bei ya kahawa. Ikasambaa. Mlishea wengi wenu hapa. Siku ya tatu kijana wake akanipigia kutoka Mwanza. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Dada, kwani baba yangu hana shati?"

Nilifuta, lakini vya mtandaoni mnavijua, havifutiki. Nilirudi Kamachumu kumwomba mzee radhi. Akavaa shati lake jeupe, akaketi, akanitazama, nikapiga. Hiyo ndo anayo yeye.

Bei ya kahawa bado ni hoja yetu, na butura bado inawala wakulima wanaouza kahawa ikiwa mtini. Tuiseme kwa hesabu na kwa sheria. Tusiiseme kwa kumvua mzee heshima yake.

Jambo la pili. Mama mmoja mjane, Nshamba, alikataa kupigwa sura. Alinishika mkono akanipeleka shambani. Akasimama kwenye emilamula, ile miti ya mpaka, akasema, "Nipige hapa. Halafu pale." Ndugu wa marehemu walishaanza kusogeza mpaka.

Nilimweleza ukweli: picha peke yake haimpi mtu ardhi. Lakini picha yenye tarehe, iliyopigwa mbele ya majirani na mwenyekiti wa kitongoji, inasaidia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii mahakamani, na mahakama itaangalia ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa. Kwa hiyo usiifute picha ya asili, na usiipake rangi za programu. Nilimsafishia nakala mbili: moja kaweka kwenye sanduku lake, moja kwa dada yake.

Na tusisahau, Muleba ina historia. Kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ilianzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba. Bibi Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza, akashtakiwa kwamba mwanamke wa Kihaya hana haki hiyo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema mila hiyo ni ubaguzi na inapingana na Katiba. Ona basi: bibi yule alikuwa na wosia. Mama zetu wengi hawana hata karatasi.

Kamanda mmoja kaniuliza pale nje, "Sasa chama kinapata nini? Mbona hata bendera haionekani?" Swali halali. Jibu langu ni hili. Wale tunaowapinga tumewaona: wanampa mama kilo ya sukari, wanampiga picha akiwa ameishika. Tukifanya vilevile kwa rangi nyingine, tofauti yetu iko wapi?

Naomba tukubaliane mambo matatu. Tuombe ruhusa kwanza, maana hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatutaka tuheshimu taarifa za mtu, na sura ni mojawapo. Mwenyewe achague anavyotaka kuonekana. Na picha imrudie, ya karatasi, mkononi.

Kila mmoja wenu ana simu. Likizo hii kila mtu aanze na mzee mmoja wa kwao ambaye hana picha. Elfu moja tu, kamanda. Halafu urudi.