Kosa la Mchezo na Jina la Mtu: Gofu Inavyohukumu Tuhuma za Udanganyifu

Wazee, walimu na ndugu viongozi wa timu za vijana za Kasongo na Kabambare,

Gofu si mchezo wa kwetu. Nimeuleta mbele yenu kwa sababu mchezaji wake hujihesabia mapigo, mpinzani wake humwandikia kadi, kisha wote wawili hutia sahihi, mara nyingi pasipo mwamuzi karibu. Palipo na uaminifu wa namna hiyo, tuhuma ya udanganyifu huuma sana, na wasimamizi wamelazimika kufikiri jinsi ya kuipokea.

Kwanza huuliza kilichotendeka. Ukirekebisha njia ya mpira wako isivyoruhusiwa, unaongezewa mapigo 2, uwe ulikusudia au hukukusudia. Moyo wa mtu hauchunguzwi hapo. Kama kuna shaka kwamba alidhamiria kudanganya, hilo hupelekwa kwenye baraza, siku nyingine, kwa utulivu.

Oktoba 2013, huko Shanghai, Mwingereza Simon Dyson alionekana kwenye televisheni akibonyeza kwa mpira wake alama iliyokuwa njiani kuelekea shimoni. Kwa kuwa alikwisha kutia sahihi kadi bila yale mapigo 2, aliondolewa mashindanoni. Desemba jopo huru la watu 3 lilimsikiliza. Liliona amevunja kanuni vibaya, lakini hakuwa amepanga. Alitozwa pauni 30,000, na kufungiwa miezi 2 ambayo angeitumikia tu kama angekosa tena ndani ya miezi 18. Mwaka 1985 David Robertson wa Uskoti, aliyekuwa akirudisha mpira wake karibu zaidi na shimo kila anapouweka chini, alifungiwa miaka 20. Tofauti hiyo ni ya haki.

Lakini mwaka huohuo wa 1985 Vijay Singh wa Fiji alisimamishwa bila kikomo kwenye mashindano ya Asia, akituhumiwa kubadilisha kadi huko Indonesia. Alikana. Alikwenda kufundisha gofu Borneo, akarudi mashindanoni kupitia Afrika, na 1988 akashinda Nigerian Open. Baadaye alitwaa mataji makubwa 3, na 2004 akawa namba moja duniani. Hata hivyo, watu hawajaacha kuitaja kadi ile. Adhabu isiyo na mwisho, juu ya jambo ambalo mwenyewe analikana, mimi naiona ni dhuluma.

Gofu imejifunza jambo jingine pia. Aprili 2017 Lexi Thompson alikuwa akiongoza mashindano makubwa Marekani alipoongezewa mapigo 4 kwa kosa la jana yake, kwa sababu ya barua pepe ya mtazamaji. Akashindwa. Tangu Januari 2018 mashtaka ya watazamaji wa televisheni hayapokewi. Afisa maalumu ndiye anayetazama picha. Nasi, video za simu zinazosambazwa jioni baada ya mechi zisiwe hakimu.

Kwetu, katika soka la vijana, tuhuma kubwa ni majina na umri. Mnaikumbuka ya 2014: Rwanda ilitolewa kwenye mechi za kufuzu Kombe la Afrika kwa kumchezesha Daddy Birori, ambaye AS Vita Club ya Kinshasa ilimjua kama Etekiama Agiti Taddy, mwenye tarehe nyingine ya kuzaliwa. Mwaka 2021 FECOFA, shirikisho letu la soka la Kongo, ilidai kwamba Guelor Kanga wa Gabon ana jina jingine na alizaliwa Kongo mwaka 1985, si 1990. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilisikiliza ikayakataa madai. Sisi tuliotuhumu tulipaswa kuukubali uamuzi huo kwa sauti ileile tuliyotuhumia.

Kabambare wako watoto waliozaliwa familia zikikimbia vita, bila kuandikishwa popote. Nyumbani kijana anaitwa hivi, kanisani au chuoni vile, na kwenye leseni limeandikwa jina jingine. Karatasi mbili zisizolingana zinatosha kumzuia asicheze mpaka ukweli ujulikane. Hazitoshi kumwita mwongo. Na mara nyingi aliyeandika tarehe ya uongo ni mtu mzima, ilhali anayefungiwa ni mtoto. Kiongozi aliyeghushi aadhibiwe kuliko mchezaji.

Kwa hiyo naomba kabla ya msimu kuanza tuandike kanuni: matokeo ya mechi yaamuliwe kwa kilichotendeka, na mtuhumiwa asikilizwe akiwa na mzazi wake kabla jina lake halijasomwa redioni. Adhabu iwe na tarehe ya mwisho. Na atakayeonekana hana kosa, atangazwe hivyo mbele ya watu walewale waliosikia tuhuma.