Jani la Kijani Lisitudanganye

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze kazi yangu serikalini, ambayo ni mbegu. Nitachukua zao moja tu, mpunga, na maadui zake wawili: chumvi na madini yenye sumu.

Kwanza chumvi. Katika mashamba ya umwagiliaji, kama yale ya Ndungu wilayani Same, maji yasipopata mifereji ya kutokea hukaushwa na jua, chumvi ikabaki. Ardhi hufanya weupe na ncha za majani huungua. Lakini India ina mbegu za kale zinazovumilia hali hiyo, kama Pokkali ya Kerala na Nona Bokra. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza jeni mojawapo inayoipa Nona Bokra nguvu hiyo. Hufanya kazi ya bawabu: huitoa sodiamu katika maji yanayopanda kutoka mizizini, isifike majanini. Siku hizi mtaalamu wa mbegu aweza kuipima jeni katika mche ungali mdogo, asingoje mavuno.

Sasa madini. Huko Japani, katika bonde la mto Jinzu, maji machafu ya mgodi yaliingiza kadimiamu katika mashamba ya mpunga. Waliokula mchele ule waliharibika figo na mifupa, na ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani “inauma, inauma”. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikiri rasmi kwamba chanzo chake ni kadimiamu.

Hapa ndipo penye jambo. Chumvi humwonya mkulima kwa jani lililoungua. Kadimiamu yaweza kupanda mpaka kwenye punje huku shamba likipendeza macho. Anayeumia ni mlaji. Kwa hiyo kwa chumvi twatafuta mpunga unaovumilia, bali kwa kadimiamu twatafuta mpunga unaoikataa.

Mpunga huo umepatikana. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza jinsi walivyoipiga mionzi mbegu ya Koshihikari hadi jeni moja ikaharibika. Jeni hiyo ni mlango wa kuingizia manganizi, ambayo mmea huihitaji, na kadimiamu hupenya humo humo. Mlango ulipofungwa, kadimiamu katika punje karibu ikatoweka.

Ndugu zangu, mbegu haichimbi mfereji wala haisafishi mto. Kanda yetu ya Ziwa ina migodi ya dhahabu na ina mabonde ya mpunga. Tuliomo maofisini tupime udongo, maji na punje kabla ya kusifu mavuno. Nanyi vijana, msiitenge Baiolojia na Kemia. Mkiletewa mbegu inayositawi penye sumu, ulizeni kwanza: sumu yenyewe imekwenda wapi?