Tabibu Aombe Vyuo Vingapi?



Mwenzetu mmoja, tabibu wa zahanati mwenye miaka 34 na watoto wawili, ataka kusomea udaktari. Auliza: aombe vyuo vingapi?

Tangu 2017 kila chuo hupokea maombi yake chenyewe na kutoza ada yake. Kuomba kila mahali ni kuumaliza mshahara. Lakini kuitegemea Muhimbili peke yake, wanakokimbilia vijana wote wa kidato cha sita, ni kujifungia mlango.

Aanze na vyeti. Stashahada ya utabibu hutakiwa iwe na wastani wa B, au alama 3.0; tena hutazamwa fizikia, kemia na biolojia za kidato cha nne. (Ndiyo, ninyi mnaocheka huko nyuma, fizikia hiyo hiyo!) Kisha akae na mkewe: miaka 5 Mwanza au Moshi, na mwaka wa mafunzo ya vitendo hospitalini, nyumba italishwa na nani? Chuo kisicho na jibu akifute.

Nadhani vitabaki vitatu au vinne. Aviombe vyote, akipokewa na zaidi ya kimoja, atathibitisha kimoja tu. Na ruhusa ya masomo aiombe kwa mwajiri sasa, asingoje majibu.