Joto Linaloanzia Juu ya Paa: Rangi ya Kuakisi Jua katika Nyumba za Bati za Pwani

Mjadala kuhusu joto la majumbani katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki huanzia mara nyingi kwenye feni, kiyoyozi na ukubwa wa madirisha, yaani kwenye vitu vinavyopambana na joto likiwa limekwisha kuingia ndani. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika nyumba ya bati, hasa ile isiyo na dari, sehemu kubwa ya joto la mchana huamuliwa na uso wa nje wa paa, na kwamba kupaka uso huo rangi ya kuakisi jua ni miongoni mwa hatua za gharama nafuu kabisa, mradi ifahamike inachoweza kufanya na isichoweza.

Bati lenye mikunjo lilipewa hataza mjini London mwaka 1829, na ufundi wa kulipaka zinki ili lisishike kutu ukafuata nchini Ufaransa katika muongo wa 1830. Kwa wepesi wake, na kwa kuwa halishiki moto wala halihitaji kubadilishwa kila baada ya misimu michache kama makuti, limeenea kuanzia Mombasa hadi Mtwara. Hata hivyo, makuti yalikuwa na sifa ambayo bati halina: unene unaochelewesha joto na nafasi ndogondogo zinazopitisha hewa. Bati ni jembamba kiasi kwamba joto linalopokewa juu hufika upande wa chini kwa muda wa dakika chache tu. Isitoshe, Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo adhuhuri jua huwa utosini au karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na paa hupigwa na mionzi mingi kuliko ukuta wowote wa nyumba.

Ili kuelewa kazi ya rangi, yafaa kutenganisha sifa mbili za uso wa paa. Ya kwanza ni uakisi, yaani sehemu ya nishati ya jua inayorudishwa angani bila kugeuka joto. Takriban nusu ya nishati hiyo hufika kwa mionzi ya infraredi, ambayo jicho halioni, na ndiyo sababu viwanda vimeweza kutengeneza rangi nyekundu au za kijani zinazoakisi zaidi ya rangi za kawaida za mwonekano uleule, ingawa nyeupe hubaki mbele ya zote. Sifa ya pili ni utoaji wa mnururisho, yaani uwezo wa uso uliokwisha kupata joto kulitoa tena kwa njia ya mionzi. Bati jipya linalong’aa huakisi mionzi mingi ya jua, lakini hutoa mnururisho kwa shida, na kwa sababu hiyo huweza kuwa la moto mno kuligusa licha ya mng’aro wake. Likishika kutu, hupoteza hata uakisi liliokuwa nao. Rangi nyeupe iliyo bora huunganisha sifa zote mbili, kwa kuwa huakisi sehemu kubwa ya mionzi na hutoa kwa urahisi joto dogo lililopokewa.

Hesabu nyepesi huonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Adhuhuri isiyo na mawingu, kila mita moja ya mraba iliyolielekea jua hupokea takriban wati 1,000. Paa la mita za mraba 60 hupata basi kilowati 60. Likiwa na kutu na likapokea robo tatu ya nishati hiyo, kilowati 45 hugeuka joto. Likipakwa rangi inayoakisi robo tatu, hubaki kilowati 15. Tofauti ya kilowati 30 ni sawa na pasi 30 za umeme, kila moja ya kilowati moja, zilizowashwa pamoja juu ya nyumba. Si joto lote hilo linaloingia ndani, kwani upepo huchukua sehemu yake, lakini ndilo linalofanya bati bovu lipite nyuzi joto 60 za Selsiasi ilhali lililopakwa nyeupe hubaki nyuzi chache tu juu ya joto la hewa.

Anayeketi chini ya bati lisilo na dari hupata joto kwa njia mbili: kwa hewa iliyopashwa moto, na kwa mnururisho unaoshuka moja kwa moja kichwani na mabegani. Feni husogeza hewa, ila haizuii mnururisho, na ndiyo maana mtu huweza kupepewa na bado akaona kichwa kikimwaka. Rangi hupunguza njia zote mbili kwa kuwa hulipoza bati lenyewe. Inafaa pia upande wa chini wa bati uachwe bila rangi ungali uking’aa, kwa maana uso wa namna hiyo hupeleka mnururisho mdogo chumbani. Pamoja na hayo, rangi haiondoi unyevu wa hewa ya pwani, wala haishushi joto la chumba chini ya lile la kivulini nje. Dari, matundu ya hewa chini ya paa na mti wa kivuli hubaki na kazi yake.

Ufanisi hutegemea pia utunzaji. Bati lenye kutu husuguliwa kwa brashi ya waya, likaoshwa vumbi na mafuta, likapakwa praima ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya rangi. Bati jipya la zinki lisipoandaliwa hubanduka rangi mapema. Vumbi la barabara na ukungu wa masika hupunguza uakisi, kwa hiyo mnunuzi mwangalifu huuliza kipimo cha rangi baada ya miaka mitatu ya jua na mvua kuliko kipimo cha siku ilipopakwa. Pale ambapo maji ya mvua hukingwa kwa matumizi ya nyumbani, rangi yenye madini ya risasi haifai kabisa. Na katika nyanda za juu, kama Njombe, ambako Juni na Julai watu hutafuta joto, paa jeupe huweza kuongeza baridi bila faida.

Swali lililobaki ni la nani alipe. Mjini Ahmedabad, India, wimbi la joto la Mei 2010 lilizaa mpango wa jiji wa kukabiliana na joto mwaka 2013, na kuanzia 2017 upakaji wa mapaa ya makazi duni ukaingizwa humo. Jimbo la Telangana likatunga sera ya mapaa baridi mwaka 2023. Kwenye miji ya pwani yetu, wakazi wengi ni wapangaji: anayeumia kwa joto na kununua umeme wa feni si mwenye paa, na mwenye paa hapati hasara yoyote inayomsukuma kulipaka. Soko peke yake haliwezi kuondoa mgongano huo. Halmashauri zinaweza kuanza na majengo yaliyo mikononi mwao, yaani madarasa, zahanati na mabanda ya masoko, kisha zikaweka uakisi wa paa katika masharti ya vibali vya ujenzi wa nyumba za kupangisha, ili gharama imwangukie mwenye uwezo wa kubadilisha paa badala ya anayeishi chini yake.