Magonjwa ya Motokaa na Tiba Yake Nyumbani

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotolewa kwa wenye motokaa na madereva.



Leo napenda kunena nanyi juu ya jambo linalowahusu wengi wetu, wa mijini na wa mashambani. Motokaa imekuwa mtumishi wa kila namna ya kazi. Mkulima huchukulia mboga zake sokoni, mwenye duka huletea unga na sukari, na jirani akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa manane, ni motokaa hiyo hiyo inayotazamiwa imfikishe hospitali. Tena nyingi katika hizi tulizo nazo Kenya zilikwisha tumika huko Japani kwa miaka kadha kabla ya kuteremshwa bandarini Mombasa. Chombo kilichokwisha tumika chataka jicho la mwenyewe.

Neno langu kubwa ni hili: motokaa, mara nyingi, haifi ghafula. Huugua kwanza, na katika ugonjwa wake husema. Husema kwa sauti, kwa harufu, kwa moshi, kwa taa na kwa tone la maji au la mafuta chini ya injini. Mwenye kusikiliza mapema hutumia shilingi chache. Asiyesikiliza huenda akatoa karo ya watoto kumlipa fundi. Lakini yako magonjwa ambayo mwenyewe aweza kuyatibu uani kwake, na yako ambayo akiyagusa atahatarisha maisha yake. Kuyapambanua haya mawili ndiyo elimu yenyewe.

Motokaa inapokataa kuwaka

Ukigeuza ufunguo asubuhi na injini isiwake, usikimbilie kuigeuza tena na tena, maana utaimaliza betri. Kwanza hakikisha gia iko mahali pa kuegeshea, kisha washa taa kubwa, ujaribu mara moja tu na kusikiliza.

Kama taa ni hafifu, na unasikia mlio mwepesi wa haraka haraka, au husikii kitu chochote, shuku betri. Kama taa zawaka vizuri lakini wasikia mlio mmoja tu, kisha kimya, shuku stata au nyaya zake. Kama injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki moto, betri haina makosa. Tatizo li katika petroli au katika moto wa plagi. Basi tazama kwanza kama petroli imo, maana wengi wamemwita fundi kumbe tangi ni tupu.

Betri mara nyingi huonewa bure. Fungua boneti utazame vichwa vyake viwili. Ukiona unga mweupe au wa kijani, huo ndio unaozuia umeme kupita. Vua pete na saa ya chuma, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Koroga kijiko cha magadi katika kikombe cha maji ya moto kidogo, uoshe vichwa hivyo kwa mswaki mkuukuu. Magadi huua asidi. Angalia maji hayo yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, kisha ufunge tena ukianza na chanya na kumaliza na hasi. Tena usisogeze sigara wala kiberiti, kwa kuwa betri hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Mwenye kipimo cha umeme ataona mengi zaidi. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12, imekwisha nguvu. Injini ikiwaka kipimo chapasa kupanda hata kufika kati ya 13.5 na 14.5. Kisipopanda, usinunue betri mpya, kwa sababu yenye kosa ni alteneta au mkanda wake, na hiyo betri mpya nayo itakufa vile vile.

Injini inapochemka

Mshale wa joto ukipanda kuelekea kwenye rangi nyekundu, simama mahali pa salama na uzime injini. Hapa ndipo watu wengi huungua uso na mikono. Maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100 pale Mombasa, na Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, huchemka kwenye nyuzi 95 au pungufu kidogo. Lakini maji yaliyo ndani ya rejeta yamefungiwa na kifuniko chenye kushikilia msukumo, na kwa hivyo aghalabu hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua kifuniko hicho, msukumo hutoka, na maji huchemka ghafula na kukurukia pamoja na mvuke. Kwa hiyo ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuigusa rejeta kwa mkono bila kuungua. Ndipo ufungue kwa kitambaa kizito, polepole. Wala usimimine maji baridi katika injini yenye moto, maana chuma huweza kupasuka.

Injini ikipoa tafuta sababu. Pengine maji yamepungua. Pengine mpira wa maji umepasuka, mkanda umekatika, feni haizunguki, au uso wa rejeta umezibwa na tope na mbegu za majani. Hayo mwenyewe ayaona. Lakini ukikuta oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, au bomba latoa moshi mweupe mzito usiokoma, maji yameingia yasikopasa. Usiiendeshe tena, mwite fundi.

Oili na taa za dashibodi

Pima oili motokaa ikiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kisha ukichomoe tena. Oili yapasa kuwa kati ya alama mbili. Kujaza kupita kiasi nako ni kosa. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi wa injini ya petroli maana yake petroli ni nyingi mno au hewa haitoshi, na mara nyingine dawa ni kusafisha au kubadili chujio la hewa tu.

Taa nyekundu yenye mfano wa kopo la oili si ya kubembelezwa. Ikiwaka njiani, zima injini papo hapo unapoweza kusimama kwa salama. Kuendelea hata kilomita chache kwaweza kuiharibu injini nzima. Taa ya manjano yenye mfano wa injini ni afadhali kidogo: yakutaka utafute sababu upesi, lakini ikimetameta, punguza mwendo na usimame. Vipo vyombo vidogo vya kuchomeka chini ya dashibodi vinavyosoma ugonjwa kwa namba. Kwa mfano P0301 maana yake silinda ya kwanza haiwaki sawasawa. Lakini namba hiyo si hukumu. Yaonyesha tu mahali pa kuanzia kutafuta. Kosa laweza kuwa plagi, waya au petroli. Basi usikubali kuuziwa kifaa cha bei kubwa kwa ajili ya namba peke yake.

Breki na tairi

Pedali ya breki ikizama au ikiwa laini kama sifongo, au ukisikia chuma kikisaga chuma, usiseme, "Nitafika polepole." Usiende. Mafuta ya breki yakipungua, huenda pedi zimekwisha au pana mahali panapovuja. Kuongeza tu ni kuficha ugonjwa. Wala usitie oili ya injini humo hata tone, maana huharibu mipira ya ndani. Kazi ya kufungua breki ni ya fundi aliyejifunza.

Kwenye miteremko mirefu, kama ile ya kushuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, tia gia ndogo tangu juu, injini isaidie kuzuia. Breki zilizokanyagwa mfululizo hushika moto, na mwisho hazishiki kitu.

Katika tairi tazama mambo mawili. Ndani ya mifereji mna vijituta vidogo. Mpira ukisagika hata kulingana navyo, tairi limekwisha. Tena ubavuni mna namba nne zenye kuonyesha tarehe: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi kuukuu laweza kupasuka hata kama laonekana zuri.

Mambo ya kuogopwa

Mtu asiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikiliwa na jeki peke yake, wala iliyowekwa juu ya matofali. Asiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu. Wala asivute petroli kwa mdomo. Kiasi kidogo kikiingia mapafuni chaweza kuua.

Basi, ndugu zangu, tengeni robo saa kila Jumamosi: oili, maji, mafuta ya breki, mkanda, tairi, taa, na ardhi chini ya injini. Andikeni katika daftari mlichoona. Siku mtakapokwenda kwa fundi mtakuwa na la kumwambia, naye hatabahatisha kwa fedha zenu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika motokaa, ukuta huo waweza kuwa roho ya mtu.