Kombe na Hospitali ya Mama

(Mazungumzo mbele ya vijana baada ya futari)



Ndugu zangu vijana, tumeshafuturu, basi nipeni dakika chache tuzungumze habari za kriketi. Msicheke, mtaona ninakokwenda.

Imran Khan alizaliwa Lahore, Pakistan, mwaka 1952. Wengi wenu mwamjua kwa siasa: alikuwa Waziri Mkuu tangu 2018 hadi 2022, kisha mwaka 2023 akatiwa gerezani. Hayo wenyewe wanabishana, siyo niliyokuja nayo. Mimi nataka mumjue Imran wa uwanjani.

Katika kriketi wako wa kurusha mpira na wako wa kupiga. Yeye alikuwa stadi wa yote mawili. Katika mechi 88 za kimataifa, zile za siku tano, alipata wiketi 362 na mbio 3,807. Lakini je, alianza vipi? Mechi yake ya kwanza, mwaka 1971, hakupata hata wiketi moja! Akangoja miaka mitatu ndipo akacheza ya pili. Baadaye, akiwa kileleni, mfupa wa muundi ukapata ufa, akakaa muda mrefu bila kurusha mpira.

Mwaka 1985 mamake, Shaukat Khanum, alifariki kwa saratani. Imran akaona taabu ya maskini wenye maradhi yale, akaweka nia: nitajenga hospitali.

Sasa njooni Kombe la Dunia la 1992, kule Australia na New Zealand. Imran ni nahodha, ana miaka 39, bega lamuuma. Katika mechi tano za mwanzo Pakistan ilishinda moja tu. Watu wakaikatia tamaa. Kumbe! Wakashinda tano mfululizo. Fainali ilichezwa Melbourne tarehe 25 Machi, ndani ya mwezi kama huu, Ramadhani. Imran alipata mbio 72, hakuna aliyemzidi siku ile, na wiketi ya mwisho ya Uingereza akaichukua yeye. Wakashinda kwa mbio 22.

Alipopewa kipaza sauti akazungumzia ndoto ya hospitali, akasahau kuwashukuru wenzake. Alilaumiwa, na lawama ile ilikuwa ya haki. Wasim Akram aliwatoa Waingereza wawili kwa mipira miwili mfululizo. Bila yeye kombe lingekuja wapi? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini nia haikufa. Alizunguka miji akichangisha, hata watoto wa shule wakatoa pesa zao za matumizi. Desemba 1994 hospitali ikafunguliwa Lahore kwa jina la mamake, na maskini wengi wametibiwa pale bila malipo.

Ndugu zangu, kombe liko kabatini, lakini hospitali inatibu watu. Wewe una mguu wa mpira, yule ana sauti, mwingine ana kichwa cha hesabu. Ukishapigiwa makofi, itamfaa nani? Nendeni nalo swali hilo mpaka daku.

Wabillahi tawfiq.